Maswali ya Wasomaji: Umeme Unapovuja Nyumbani na Zizini

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zinazungumzia jambo moja kwa sura tofauti, yaani umeme unaohisiwa mahali ambapo hakuna aliyeutarajia: kwenye bomba la maji, kwenye ukuta wenye unyevu, kwenye hori la ng'ombe. Tumezipunguza urefu na kuzipanga ili majibu ya mwanzo yarahisishe kuelewa yanayofuata. Waandishi tumewataja kwa kazi au hali zao tu.

SWALI: Nikifungua bomba la bafuni nikiwa pekupeku, nahisi mtekenyo mkononi kama wa sindano ndogondogo. Mume wangu anasema nadhania tu, kwa sababu yeye akioga hahisi kitu. Breka haijawahi kuanguka hata siku moja. Je, hili ni jambo la kuogopa? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Ndiyo, dada, ni jambo la kuogopa, na kabla hujaendelea kusoma tafadhali zima hita ya maji kwenye swichi yake ya ukutani, ukiwa na mikono mikavu na viatu miguuni, na usiwaruhusu watoto kuoga hapo mpaka chanzo kipatikane.

Mumeo hasemi uongo. Bila shaka huingia bafuni na kandambili za mpira, na hapo ndipo lilipo fumbo lote. Umeme haupiti mwilini kwa sababu tu umegusa kitu chenye umeme. Hupita pale mwili unapounganisha sehemu mbili zenye volteji tofauti kwa wakati mmoja, kwa mfano bomba kwa mkono na sakafu iliyoloa kwa nyayo. Ndege hutua juu ya waya wa umeme na kuruka salama kwa kuwa miguu yake yote miwili imekanyaga volteji ileile. Kandambili zimeikata njia ya pili, lakini hazijauondoa umeme ulioko kwenye bomba, na siku mumeo atakapoegemea ukuta uliolowa huku ameshika bomba atakiri kwamba hukuwa unadhania.

Kuhusu kiasi cha hatari, mtu mzima huanza kuhisi mkondo unapofikia kati ya nusu miliampea na miliampea 1, na miliampea 1 ni sehemu moja ya elfu ya ampea. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, aliyewapima watu waliojitolea katika karne ya 20, alipata kwamba wanaume kwa wastani waliweza kuachia walichokishika hadi mkondo ulipofika karibu miliampea 16, na wanawake hadi karibu miliampea 10.5. Ukizidi hapo, misuli ya mkono hujikaza yenyewe na mtu hubaki ameng'ang'ania kitu kinachomdhuru. Mkondo wa makumi kadhaa ya miliampea ukipita kifuani kwa muda wa sekunde moja au zaidi unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi yakasimama. Utaona basi kwamba kati ya mtekenyo na mauti hakuna mwanya mpana, na pengine kinachotenganisha viwili hivyo bafuni mwako ni ukavu wa ngozi tu, maana ngozi ikilowa ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia mkondo, hushuka sana.

Breka kutoanguka si dalili ya usalama hata kidogo. Breka ya ampea 20 inasubiri mkondo uzidi ampea 20, ilhali miliampea 30 zinazoweza kumuua mtu ni pungufu kuliko kiasi hicho kwa zaidi ya mara 600. Kazi ya breka ni kuzilinda nyaya zisiungue. Anayemlinda mtu ni kifaa kingine, ambacho mafundi hukiita kwa herufi RCD, kinacholinganisha mkondo unaokwenda kwenye waya wa laivu na ule unaorudi kwenye nyutro; ikitokea tofauti ya miliampea 30 kati ya viwili hivyo, maana yake kuna mkondo unaorudi kwa njia nyingine, pengine kupitia mtu, na kifaa hukata umeme kabla ya sehemu ya tatu ya sekunde kwisha. Kina kitufe cha kujaribia, na kitufe hicho kibonyezwe kila baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu kifaa kilichokaa miaka bila kujongea huweza kukwama.

Chanzo kinachoelekea zaidi ni kile kipande cha kupashia maji ndani ya hita. Ganda lake la chuma likipasuka, maji hugusa waya wenye umeme, na kama waya wa ethi wa hita, yaani ule unaounganisha mwili wake wa chuma na ardhi, umekatika au haukufungwa tangu mwanzo, volteji hutafuta njia kupitia maji na mabomba. Fundi apime ukinzani kati ya nyaya za hita na mwili wake wa chuma kwa kipimo cha volti 500, kisha aifuatilie ethi kutoka kwenye hita hadi kwenye bodi ya swichi. Asijaribu kwa mkono wake, na wewe usimjaribie.

SWALI: Fundi wetu alipoambiwa kwamba mwili wa friji unapiga, alichimbia fimbo ya ethi nje ya ukuta, akaunganisha waya, akasema kuanzia leo umeme wote unaovuja utaingia ardhini na kufia huko. Je, kazi imekwisha? (Mwenye nyumba)

JIBU: Kazi haijakwisha, na sehemu iliyobaki ndiyo nzito. Wazo kwamba umeme huingia ardhini na kufa limeenea sana, hata miongoni mwa mafundi hodari wa mikono, nami nadhani limesababisha madhara mengi kuliko nyaya mbovu zenyewe. Ardhi si jalala la umeme. Mkondo uliotoka kwenye transfoma ni lazima urudi kwenye transfoma hiyohiyo, na ukiingia ardhini kwenye fimbo yako unasafiri kwa udongo mpaka kwenye ethi ya transfoma ili ukamilishe mzunguko wake.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme ukinzani kati ya fimbo yako na udongo ni omu 20, kipimo ambacho fimbo moja katika udongo wa kawaida ingekionea fahari, na umeme wako ni wa volti 230. Waya wa laivu ukigusa mwili wa friji, mkondo utakaopita kwenye fimbo hautazidi 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya ampea 16 au 20 itautazama mkondo huo kama wa kifaa cha kawaida kinachofanya kazi, na haitaanguka. Wakati huohuo mwili wa friji, na kila chombo cha chuma kilichounganishwa na ethi hiyo, vitakuwa vimebeba karibu volti 230 zote. Kwa maneno mengine, hitilafu ya friji peke yake imegawiwa kwa mashine ya kufulia, jiko la umeme na pampu, na wewe unaendelea kulipia umeme unaopasha udongo joto. Udongo ukikauka, ukinzani huongezeka na mambo huwa mabaya zaidi.

Fimbo ya ethi ina maana pale inapofanya kazi pamoja na RCD, kwa sababu kwa kifaa hicho ampea 11.5 ni nyingi mno na umeme utakatwa mara moja. Kwa hiyo hitaji kwa fundi wako mambo mawili: aitafute hitilafu ya friji na kuiondoa, kisha afunge RCD. Kama mfumo wa umeme wa eneo lenu unakuletea ethi kutoka kwa mgavi wa umeme, waya wa ethi wa nyumba uunganishwe huko kwa namna ambayo kanuni za eneo lenu zinaagiza, wala fimbo isichukue nafasi yake.

Niongeze makosa mawili ambayo nimeyaona kwa macho yangu mara zisizohesabika. La kwanza ni kuunganisha tundu la ethi na la nyutro ndani ya soketi ili testa ionyeshe mambo ni mazuri. Siku nyutro itakapokatika upande wa nyuma, mwili wa kila kifaa kilichochomekwa hapo utapata umeme kamili. La pili ni kufanya bomba la maji kuwa ethi. Bomba hilo likibadilishwa kipande kimoja tu kwa plastiki, ethi imekatika na hakuna atakayejua, na fundi bomba anayelikata anaweza kujikuta ameshika ncha mbili zenye volteji tofauti.

SWALI: Mimi ni fundi. Nilipima waya uliokatwa pande zote mbili, usiounganishwa na chochote, multimita ikasoma volti 90. Mteja akaogopa. Nyumba hiyohiyo kompyuta ya mapajani yenye mwili wa chuma humtekenya mtu anapoichaji. Je, nyumba nzima inavuja?

JIBU: Si lazima. Multimita ya kidijitali ina ukinzani mkubwa sana wa ndani, kwa kawaida omu milioni 10, kwa hiyo hata chembe ya mkondo inayoruka kutoka kwa waya jirani unaolala sambamba ndani ya bomba moja inatosha kuipandisha namba. Weka mzigo mdogo, kama balbu ya zamani ya waya, kati ya waya huo na nyutro. Volti 90 za uongo zitaanguka hadi karibu sifuri, lakini volti za kweli zitabaki palepale. Testa ya bisibisi ina kasoro hiyohiyo, na ina nyingine mbaya zaidi: isipowaka haithibitishi kwamba hakuna umeme.

Kuhusu kompyuta, chaja nyingi zisizo na pini ya ethi zina kapasita ndogo ya kuchuja kelele za umeme, ambayo hupitisha mkondo wa chini ya nusu miliampea hadi kwenye mwili wa chuma. Unahisiwa ukipapasa kwa upole, na hauna madhara kwa chaja iliyo halali na nzima. Ukimtikisa mtu badala ya kumtekenya, chaja hiyo itupwe.

SWALI: Nina ng'ombe wa maziwa 38 na mashine ya kukamulia. Tangu tulipoongeza tangi la kupozea maziwa, ng'ombe wanasita mlangoni pa chumba cha kukamulia, wanarusharusha miguu, na kwenye hori la chuma wananywa kwa kulamba maji kwa ncha ya ulimi. Maziwa yamepungua. Mimi na vijana wangu tukigusa vyuma hivyo hatuhisi chochote. Daktari wa mifugo amesema nichunguze umeme. Je, inawezekana ng'ombe ahisi umeme ambao mtu hauhisi? (Mfugaji)

JIBU: Inawezekana kabisa, na daktari wako ametoa ushauri mzuri, ingawa nitakuomba uvumilivu kidogo kabla ya kuutia umeme hatiani.

Ninyi mmevaa mabuti ya mpira na ngozi ya viganja vyenu ni kavu. Ukinzani wenu hufika maelfu mengi ya omu, kwa hiyo volti 2 haziwezi kusukuma mkondo wa kuhisika. Ng'ombe amesimama kwa kwato nne kwenye zege lenye maji na mkojo, na anagusa chuma kwa mdomo uliolowa. Wataalamu huhesabu ukinzani wake kuwa kama omu 500 tu pamoja na mahali anapogusa. Volti 1 kwa omu 500 ni miliampea 2, na volti 2 ni miliampea 4, na katika kiwango hicho ndipo ng'ombe wengi huanza kuonyesha kwamba wamehisi kitu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichapisha mwaka 1991 kitabu kizima juu ya athari za umeme kwa mifugo, na jimbo la Wisconsin, lenye wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, limeweka miliampea 2 kuwa kiwango ambacho kikifikiwa hatua zinapaswa kuchukuliwa.

Umeme wa namna hii mara nyingi hautokani na waya uliochubuka. Chukua mfano ulio karibu na hali yako. Waya wa nyutro kutoka kwenye mita hadi kwenye chumba cha kukamulia una ukinzani fulani, tuseme omu 0.2, kwa sababu ni mrefu au kwa sababu kiungo kimoja kimelegea na kuota kutu. Tangi la kupozea likianza kazi na mkondo wa ampea 20 ukarudi kwa waya huo, volti 4 hujitokeza kati ya mwisho wake wa shambani na mwisho wa kwenye mita. Kama nyutro na ethi zimeunganishwa pale chumbani, vyuma vyote, kuanzia vizuizi hadi hori, vitakuwa volti 4 juu ya udongo, bila hitilafu yoyote ambayo breka au RCD ingeweza kuiona. Ng'ombe anaponyoosha mdomo kwenye hori huku kwato zake ziko sakafuni, anakuwa ndiye kiungo kati ya viwili hivyo. Ndiyo maana nimevutiwa na maneno yako kwamba mambo yalianza baada ya tangi kuongezwa.

Vipimo vifanywe na fundi anayeelewa, na vifanywe mahali ng'ombe anapogusa, si mahali panapofikika kwa urahisi. Ncha moja ya multimita, ikiwa kwenye volti za umeme wa kupishana, iguse hori. Ncha ya pili iguse bamba la chuma lililolazwa kwenye sakafu iliyolowa pale kwato za mbele na za nyuma zinaposimama, na likandamizwe kwa uzito. Kwanza asome bila mzigo. Akikuta chini ya volti 10, aweke kipingamizi cha omu 500 kati ya ncha mbili ili kiwe mfano wa ng'ombe, asome tena. Akikuta zaidi ya hapo asiweke kipingamizi, bali azime umeme na kutafuta hitilafu, kwa maana hiyo si hali ya ng'ombe kusita tena, ni hali ya mtu kufa. Usomaji mmoja hautoshi. Namba ziandikwe pamoja na saa, hasa wakati wa kukamua jioni ambapo pampu, tangi na taa hufanya kazi pamoja.

Kisha vifaa vizimwe kimoja kimoja huku mtu mmoja akiitazama multimita. Volteji ikishuka tangi linapozimwa, umempata mshukiwa, ingawa kosa linaweza kuwa la waya unaolilisha wala si la tangi lenyewe. Mwisho zimeni swichi kuu ya shamba. Volteji ikibaki, chanzo chake kiko nje ya shamba lako, kwenye nyutro ya mgavi wa umeme au kwa jirani mnayegawana naye transfoma, na barua yako kwa mgavi wa umeme iambatane na jedwali hilo la saa na namba, kwa kuwa malalamiko yasiyo na vipimo hujibiwa polepole.

Tiba inafuata chanzo. Viungo vya nyutro vikazwe na kusafishwa, waya mwembamba ubadilishwe, mizigo, yaani vifaa vinavyokula umeme, igawanywe vizuri kati ya fezi, ambazo ni nyaya za laivu zinazoleta umeme shambani, na nyutro itenganishwe na ethi kila mahali ndani ya shamba isipokuwa pale kanuni zinapoagiza ziungane. Kama unajenga upya sakafu, usikose kulaza wavu wa chuma ndani ya zege na kuuunganisha na vyuma vyote vya chumba pamoja na ethi. Sakafu na hori vikipanda na kushuka volteji pamoja, ng'ombe hana tofauti ya kuihisi, sawa na yule ndege wa kwenye waya. Jambo ambalo wajenzi hulisahau ni mlangoni: wavu ukikatika ghafla pale zege linapokutana na udongo, ng'ombe ataihisi tofauti yote katika hatua moja ya kuingia, na utakuwa umeyahamisha mateso kutoka kwenye hori hadi kwenye kizingiti. Wavu uendelee nje kwa mteremko, ukizama ardhini polepole.

Nilikuomba uvumilivu kwa sababu hii: kusita, kurusha miguu na maziwa kupungua ni dalili za mambo mengi. Ugonjwa wa kiwele, mvuto wa mashine uliopita kiasi, mpira wa chuchu uliochakaa, maji machafu, hata mkamuaji mwenye mkono mkali, vyote huzaa ng'ombe wa namna hiyo. Katika uchunguzi mwingi tabia ya ng'ombe ilibadilika kwa mkondo mdogo kuliko ule uliopunguza maziwa. Ukikuta nusu volti pekee, usitumie mtaji wako wote kuing'oa mitambo ya umeme; mwite fundi wa mashine ya kukamulia apime mvuto wake. Ule unywaji wa kulamba maji, hata hivyo, unanielekeza zaidi kwenye umeme kuliko dalili zako nyingine zote.

SWALI: Baada ya kufunga uzio wa umeme, bomba la nje ya zizi humpiga mtu kidogo kila sekunde kama saa inayogonga. (Mfugaji wa mbuzi)

JIBU: Mdundo huo wa sekunde ndio unaomtaja mkosaji. Mashine ya uzio hutuma pigo la maelfu ya volti linalodumu muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, takriban mara moja kila sekunde, na pigo hilo hurudi kwa ardhi hadi kwenye fimbo za mashine. Fimbo zikiwa chache, fupi, au katika udongo mkavu, pigo hurudi kwa njia yoyote ya chuma iliyo karibu, na bomba lako ni mojawapo. Ongeza fimbo za mashine, zichimbie mahali penye unyevunyevu, na ziwe mbali na ethi ya nyumba pamoja na mabomba kwa mita 10 au zaidi. Ondoa pia majani yanayougusa waya wa uzio na angalia kama waya umegusa nguzo ya chuma.

Nimesikia kuhusu watu wanaounganisha uzio moja kwa moja na umeme wa nyumba ili kuokoa gharama ya mashine. Uzio wa namna hiyo hauna pigo fupi la kumwachia mtu nafasi ya kujitoa, unamshika na kumuua, awe mwizi au mtoto wako aliyefuata mpira.

SWALI: Bomba letu la chuma la maji, lililozikwa kando ya reli ya treni ya umeme, limetoboka ndani ya miaka michache. Je, ni kutu ya kawaida? (Msimamizi wa mradi wa maji)

JIBU: Huenda si ya kawaida. Reli nyingi za mijini hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, na sehemu ya mkondo huo hutoroka relini, ikapanda bomba na kulitelekeza mbele ya safari. Pale unapotoka bombani kuingia kwenye udongo, chuma huyeyuka pamoja nao, na hesabu ya kemia inaonyesha kwamba ampea 1 ikitoka mfululizo kwa mwaka mzima hula karibu kilo 9 za chuma. Zungumzeni na wenye reli. Viungo vya reli vinavyopitisha umeme vizuri ndiyo dawa ya kwanza.

SWALI: Nyumba yetu ina umeme wa fezi tatu. Tangu juzi, jiko likiwashwa baadhi ya taa hung'aa kupita kiasi na nyingine hufifia, na bomba la bustani linapiga. RCD ipo na haikati. (Mstaafu)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo, na naomba usisubiri toleo lijalo. Maelezo hayo ni ya nyutro iliyokatika au inayokaribia kukatika, pengine kwenye nguzo au pale waya unapoingia nyumbani. Mkondo uliokosa njia yake unarudi kupitia ethi na mabomba yako. RCD haikati kwa sababu volteji hiyo haitokani na uvujaji ndani ya nyumba, bali imeingia kwa waya uleule unaotakiwa kukulinda, yaani wa ethi, na kifaa hicho hakiutazami.

Zima swichi kuu ukiwa umevaa viatu vikavu, chomoa vifaa vyote, kaa mbali na mabomba, kisha mpigie simu mgavi wa umeme na uitaje nyutro kwa jina ili wakupe kipaumbele. Kosa ambalo hata mafundi hulifanya katika hali hii ni kufungua waya wa ethi kwenye fimbo ili kuukagua. Mara unapoutenganisha, volteji kamili inaweza kujitokeza kati ya waya ulioko mkono mmoja na fimbo iliyoko mkono wa pili.

SWALI: Waya wa nguzo ulianguka shambani baada ya upepo. Ng'ombe aliyekuwa mita kadhaa kutoka pale alianguka akafa bila kuugusa, lakini kijana aliyesimama karibu naye alipona. Watu wanasema ni uchawi. (Mkulima)

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo, ndugu yangu, na tunamshukuru Mungu kwa kijana. Waya unapogusa ardhi, volteji huwa kubwa mahali hapo na kupungua kadiri unavyokwenda mbali, kama mawimbi yanayotoka kwenye jiwe lililotupwa bwawani. Kati ya kwato za mbele za ng'ombe na zile za nyuma kuna kama mita 1.5, kwa hiyo alikanyaga volteji mbili zilizotofautiana sana, na mkondo ukapita ndani ya kiwiliwili chake, moyo ukiwemo. Kijana alikuwa na miguu iliyokaribiana, na mkondo uliopanda mguu mmoja ungeshuka kwa mwingine bila kufika kifuani.

Kutokana na hayo mtu akijikuta karibu na waya ulioanguka asikimbie wala asipige hatua ndefu. Aondoke kwa kuburuta nyayo zikiwa zimegusana, hatua fupifupi, mpaka awe umbali wa mita 10 au zaidi, na zaidi sana kama waya ni wa laini kubwa. Ukimya wa waya usimdanganye mtu, maana baadhi ya laini hujirudishia umeme zenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Aliyeanguka karibu na waya asivutwe kwa mkono wala kwa mti mpaka mgavi wa umeme athibitishe kwamba laini imekatwa; baada ya hapo, kama hapumui, abonyezwe kifua kwa nguvu katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma hadi msaada ufike. Mzoga wa ng'ombe nao usiguswe, usichinjwe wala usiburutwe kabla ya uthibitisho huo, hata kama waya unaonekana umeondoka juu yake.